Karatasi ya Kufungia Ndagala

Harufu ya ndagala mukavu, samaki ile midogo ya ziwa, ikichanganyika na wino inanifukuza mpaka leo. Juzi, ku soko ya Baraka, binti mumoja alinifungia ndagala ndani ya karatasi ya maandishi. Niliacha yote pale, nikaenda. Aliniona mama wa wazimu. Nyinyi nitabaelezea.

Nilikuwa na myaka munane. Mama aliuzisha ndagala ya Ubwari, na mukubwa wa soko, Lubunga Sebastiani (ninamutaja, batoto yake basikie), alikuwa ananyanganya bamama vikapo. Alisema ni sheria ya Babeleji, benye balitutawala zamani: samaki bila stampu ya biro ya serikali ni mali ya biro. Sasa Mwalimu Asukulu, mwenye alinifundisha kusoma, alijua kwamba sheria ile ilifutwaka zamani. Akaandika habari ile, akatoa makaratasi mingi ku mashini ya kuzungusha na mukono, akabapa bamama bafungie samaki, maandishi ikae ndani. Kutangaza habari bila ruhusa ya biro, hiyo pia ilikatazwa. Basi habari ikatembea mpaka Nundu na Mboko ikinuka samaki, na bamama bakaanza kushikilia vikapo vyabo.

Asubuhi moja Mama alienda kuchota maji, akaniacha ku meza. Lubunga akachuchumaa mbele yangu, na bombo, pipi ya sukari, mukononi.

"Kamama, banasema we unajua kusoma kupita batoto yote. Ni kweli ao ni bongo?"

"Si bongo, papa!"

Nikafungua fungu moja, nikasoma kwa sauti, mustari kwa mustari. Bamama ba karibu bakaanza kuficha mafungu yabo.

"Eh, akili hiyo! Nani alikufundisha?"

"Mwalimu Asukulu. Ni yeye aliandika."

Bombo yenye alinipa ilikuwa ingali mukinywa yangu wakati mapolisi balileta mwalimu, bila viatu. Lubunga akainua karatasi moja juu, batu yote baone. Kichwa ya maandishi ilikuwa inaangalia chini. Nilizani anacheza. Kisha akaingiza karatasi ile mukinywa ya mwalimu, na ingine, na ingine.

"Kula habari yako, mwalimu. Chumvi inatosha?"

Batu bakacheka. Bamama bale bale bakacheka, sababu fimbo ya mapolisi ilikuwa inatafuta nani hacheki. Mi nilicheka bila kulazimishwa. Mwalimu aliniangalia, taya ikitafuna. Balimupeleka Uvira, na hakurudi.

Mama hakunipiga. Alinitoa ku masomo tu, na toka siku ile akafungia samaki ndani ya majani ya ndizi. "Jani haisemi," aliniambia. "Ufanane nayo."

Lubunga alizeeka, akakufa ku kitanda yake, batu bakamulilia. Nilikuwa tayari mama mukubwa wakati karatasi ile ya kupinduka ilinirudilia, nikaelewa. Muntu yule hakujua kusoma. Majuma mingi alikuwa anapanguzia mikono na habari yake mwenyewe, na kuuliza makarani yake ilikuwa haya. Sheria ya Babeleji hakuisomaka hata siku moja. Alikosa macho tu, akaikodi kwa mutoto.

Na bombo ile sikuitema. Niliimaliza.