Bihogo wa Kirolirwe

Cheka polepole, maana aibu ingali moto. Bwana yangu iko shofere wa jeep. Kila akienda Kitchanga anabeba mutoto wetu Asifiwe, wa miaka mitatu. Mutoto akirudi, wimbo ni moja tu: “Bihogo iko na macho mazuri! Papa anamushikaka kwa shingo!”

Kwa shingo! Safari iliyofuata nikavaa kitenge kipya, nikakaa nao mbele. Njiani mutoto akatapika, akalia, na bwana akamubembeleza: “Nyamaza, tunakaribia kwa Bihogo.” Mbele yangu, bila haya!

Kijijini Kirolirwe, kabla ya kufika Kitchanga, jeep iliposimama, nikaruka chini, kiatu mukononi. Nikapiga kelele mbele ya wachungaji wote: “Bihogo iko wapi? Atoke leo anione!”

Muzee mumoja akavua kofia. “Vumilia kidogo, Mama. Bado tunamukamua.”

Asifiwe akanipita mbio, akakumbatia mguu wa ng'ombe mwekundu. Mimi wa kuzaliwa dukani, mujini Butembo, nani aliniambia kama huku ng'ombe wanapewa majina kama watu?

Bihogo akageuza yale macho, kweli mazuri, akalamba kiatu changu.