Kisu cha Wifi

Katika kikundi chetu cha kupeleka wageni kulala msituni, mimi nilikuwa mtu wa kuchagua vitu. Si kiongozi, wala si mzungumzaji. Nikisimama mbele ya wageni kueleza habari za mlima, maneno yananikaukia, na wageni hawapigi picha na mimi mpaka wamkose mtu mwingine. Lakini ikitakiwa sufuria, turubai au kamba, katibu wetu, ambaye ni mwalimu mstaafu, alikuwa ananituma mimi kushuka Same. Alisema mbele ya watu kwamba nina jicho. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba nageuza kitu mara nyingi kuliko wenzangu, na muuzaji akichoka nami sioni haya.

Kwa hiyo ilipofika zamu ya visu, nilijua kazi ni yangu.

Tulikuwa tumekubaliana kikundi kizima kwamba hatutaingia msituni na mapanga. Mtu mwenye panga msituni anaulizwa anakwenda kukata mti gani, na wageni wa mjini nao wanaliogopa. Tunaokota kuni zilizoanguka zenyewe. Sasa huku kwetu Mhezi, juu mlimani, ukungu ukishuka hauna haraka ya kuondoka, na kuni unayoiokota chini imelowa mpaka gome linateleza mkononi. Ukavu umebaki moyoni mwake tu. Lazima uipasue upate vibanzi vya ndani, la sivyo makande hayaivi. Kisu cha kukunja hakiwezi, kiungo chake kinalegea siku ya pili. Cha jikoni kinapinda. Tulitaka kisu kisichokunjwa, kifupi cha kukaa kiunoni, kinachoweza kupasua kuni asubuhi na kumenya viazi mchana, na bei yake iwe ile ambayo mtu akikidondosha korongoni atasikitika tu, hatalia. Vilitakiwa vitano. Katibu akasema ninunue kwanza kimoja, tukijaribu.

Nilikwenda siku mbili za gulio. Siku ya kwanza sikununua kitu. Vijana walikuwa wanazungusha visu vya kung'aa vyenye meno ya msumeno mgongoni, na kwenye kitako cha mpini pana dira. Ukiufungua mpini, ndani kuna uzi, ndoana na viberiti. Vinapendeza kweli. Lakini nikatazama ndani ya ule mpini wenye uwazi na kuona kwamba chuma chote kimeshikwa na nati moja tu. Nikamwuliza muuzaji chuma chenyewe kimeishia wapi.

"Mama, unanunua kisu au unasahihisha mtihani?" akaniuliza, na watu wakacheka.

Siku ya pili nilipata kimoja cha kiasi. Bamba lake lilikuwa nene, makali yamenyooka, mpini wa plastiki nyeusi wenye kushikika, na ala yake. Niligonga ubapa kwenye ukingo wa meza nikasikia sauti imetulia. Mahali chuma kinapoingia kwenye mpini hapakuwa na upenyo. Kilichonisumbua ni kwamba upande wa kitako sikukiona kile chuma kikitokea, kwa hiyo sikujua kimefika wapi humo ndani. Nilijiambia huwezi kujua kila kitu. Nikalipa. Nyumbani nikakinoa nikakatia ukurasa wa daftari langu, ukakatika bila kuchanika. Usiku ule nililala vizuri.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye mpishi mwenzangu kwenye kikundi. Kabla sijaendelea nimpe haki yake. Ana mikono myepesi kuliko yangu. Wageni wanampenda, na wana sababu. Akikuazima kitu hakukumbushi. Wiki hiyo hiyo alikuwa amekwenda msibani Msangeni, akarudi na kisu.

Hakuna aliyemtuma.

Kilikuwa kisu kibaya kwa sura. Cheusi, na alama za nyundo zinaonekana ubavuni. Alikuta mhunzi mmoja kule anafua visu kwa springi za malori, akakiona kimelala juu ya gunia, akakipenda, akakinunua, basi, kama mtu anayechukua fungu la nyanya. Chuma kilikuwa kimoja kuanzia ncha mpaka kitako, na mbao mbili za mpini zimebana kwa misumari mitatu iliyopenya huku na huku. Ukikitazama kwa nyuma unakiona chuma kinachungulia. Jambo lile nililolikosa kwenye changu lilikuwa wazi pale kwa mtu yeyote mwenye macho. Na bei yake ilikuwa nusu ya changu na kidogo.

Kambi ya kwanza tulikuwa na wanafunzi wa chuo kutoka Moshi. Mvua ndogo ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Wifi aliweka kuni juu ya gogo, akasimamisha kisu juu ya kuni, akachukua kipande cha mti akagonga mgongo wa kisu mara tatu, na kuni ikafunguka, ndani nyeupe, kavu. Mimi nilifanya vilevile na changu. Na changu kilipasua, nisikisingizie. Kilichelewa tu, tena kilinasa mara mbili. Kwenye kuni ya nne mpini ukaanza kutoa sauti ndogo kila nikigonga.

Wifi alisikia. "Wifi, kipumzishe hicho, kinaomba ruhusa ya kurudi nyumbani."

Watu wote walicheka na mimi nilicheka. Wanafunzi walimrekodi kwa simu, na kesho yake ile video ilikuwa kwenye grupu letu la wasapu. Katibu aliandika chini yake, "Hiki sasa ndicho kisu." Niliyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa maneno machache vile.

Nimejaribu kujichunguza ni wivu wa nini. Kisu chenyewe ningeweza kwenda Msangeni nikakinunua, hakuna aliyenifungia njia. Uzuri wa wifi na vicheko vyake nilikuwa nimevizoea miaka yote, na vilikuwa haviniumi sana kwa sababu na mimi nilikuwa na changu. Yeye aongee, mimi nichague. Sasa alikuwa ameingia hata hapo, tena bila jasho, na hata hakujua kwamba ameingia mahali pa mtu.

Nikaanza kukitafutia makosa. Nikayapata. Kisu chake kikilala na unyevu asubuhi kina kutu kama doa la chai. Ukikikatia kitunguu, kitunguu kinabadilika rangi. Hayo niliwaambia wenzetu wa kikundi mmoja mmoja, yote ni kweli, na wala sikuongeza chumvi. Lakini kwamba kutu inafutika kwa kitambaa chenye mafuta, hilo sikulisema, na nilikuwa nalijua.

Kambi ya pili ilikuwa ya watu wa Dar es Salaam, familia mbili. Mchana wifi alikwenda na wageni kijitoni kuchota maji. Mimi nilikuwa napasua kuni za jioni, na changu kinalia. Akanirushia neno akiwa njiani, "Chukua changu hapo kwenye gogo, wifi, hicho kitakutoa roho." Akaendelea na safari yake.

Nilikichukua. Kwenye mkono wangu kilikuwa kizuri na hilo lilinikera zaidi. Kila mtu anayepasua kuni kwa kisu anajua kwamba kuni inawekwa juu ya gogo, ili kisu kikipita kiangukie mti. Mimi niliweka kuni juu ya figa. Kwenye daftari ninaloandikia habari hii nilishaandika kwamba gogo lilikuwa mbali, halafu nikafuta, kwa sababu gogo lilikuwa hatua mbili na kisu nilikuwa nimetoka kukichomoa humo humo. Nikagonga. Kuni haikuwa ngumu. Kisu kilipita mara moja kikalipiga jiwe.

Pengo lilikuwa la ukubwa wa punje ya mtama, katikati kabisa ya makali. Nikalitazama. Nilisikia raha, nadhani kwa muda wa kuvuta pumzi moja, halafu nikaogopa. Nikakifuta kisu nikakirudisha kwenye gogo, makali yakiwa yamezama ndani ya mti.

Wifi aliliona jioni akimenya viazi. Alipitisha kidole gumba, akakisogeza kisu karibu na moto, akatazama tena. Nilingoja aniulize. Hakuniuliza. Aliendelea kumenya, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alimaliza sufuria nzima ya viazi bila kusema neno.

Jumapili baada ya ibada kikundi kilikaa nyuma ya kanisa kuamua visu. Tulimsalimia katibu, akaitikia marahaba zake, akafungua daftari la kikundi. Wifi akaomba kusema kwanza. Alitoa kisu chake akakipitisha kwa watu, akasema aliwasifia kitu ambacho hakukijua. Mhunzi atakuwa alikizidisha moto chuma kikaungua, ndiyo maana kimemeguka kwa kazi ndogo. Akasema wamsamehe, alinunua kwa tamaa ya macho. Alikuwa anatazama chini. Mimi na yeye tumeishi ua mmoja miaka mingi na sikuwa nimewahi kumwona anatahayari.

Katibu akasema, basi tusipoteze muda, tununue vya Same vinne vya kuongezea, na aende yuleyule mwenye jicho. Wakanigeukia mimi wote.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilikuwa nimekipata chote, na kwa njia ile. Nikawaza kuhusu mpini wangu, ambao nilikuwa nimeujaza gundi siku mbili kabla bila kumwambia mtu. Watu watano watakuwa na mipini kama ile, ukunguni, na wageni wenye njaa. Sijui kama nilichoogopa ni hilo au ni kugunduliwa. Ningependa kuandika kwamba ni hilo la kwanza. Sina hakika.

"Chuma hakikuungua," nilisema. "Nilikigonga juu ya figa. Gogo nililiona."

Katibu akavua miwani.

"Uliliona?" wifi aliuliza.

"Nililiona."

"Kwa hiyo chuma ni kizima."

"Ni kizima. Ni kizuri kuliko changu."

Nilijiandaa kutukanwa. Ningetukanwa ningepata cha kushika. Lakini wifi alikichukua kisu chake akaanza kukigeuza, na nikaona uso wake unafunguka, anafurahi. Alikuwa amefurahi kwa ajili ya kisu, kwamba hakukosea. Mimi nilikuwa jambo la baadaye.

"Andika, mwalimu," alimwambia katibu. "Vya Msangeni vitano, mbali na hiki changu. Nitakwenda mwenyewe." Halafu akanigeukia, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuombana chumvi. "Na wewe, wifi, ungeniambia tu kwamba hukipendi."

Nilikuwa nakipenda.

Alikwenda, akalala Mwanga kwa ndugu, akarudi na visu vitano ndani ya mfuko wa sukari. Kile chake cha zamani mhunzi alikuwa amekisaga mpaka pengo likaisha, kikapungua upana kidogo. Alitueleza kwamba yule mhunzi hachongi mpini hivihivi. Anakuambia ushike kipande cha udongo mbichi, halafu anafuata alama za vidole. Na kwa kuwa aliyekuwepo ni yeye, mipini yote mitano imefuata mkono wake. Watu wakacheka wakasema sasa wote tutapika kama yeye. Na turubai jipya lilipotakiwa, katibu alimtuma wifi.

Mkono wangu ni mpana kuliko wa wifi. Kidole cha mwisho hakipati nafasi yake kwenye mpini wa kisu nilichopewa, kinabaki kinaning'inia nje. Nimekitumia kisu hicho kambi nne sasa, kwenye mvua na bila mvua. Nakifuta kwa mafuta kila jioni. Kinapasua kuni mara moja, hakinasi, hakina sauti yoyote, na mtu akiniuliza kisu cha bei ya chini cha kuingia nacho msituni namwelekeza Msangeni bila kusita. Nimekichunguza kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichowahi kununua, na bado sijaliona kosa lake.