Korongo Aliyevaa Mikono

Nichekeni, ila nimeanza mwenyewe. Mwaka 2013, mvua za kwanza zikipiga hodi Kibondo, mwalimu mmoja wa Tanga alikuwa anahamishwa bila kumwona yule korongo wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Tukapatana: nikimwonyesha, ananiachia baiskeli yake. Nikishindwa, nabeba mizigo yake hadi stendi.

Asubuhi, ukingoni mwa bwawa, nikamwona korongo kwenye majaruba ya mpunga, kasimama kimya. Nikamtazama mara ya pili, maana mimi hata kitunguu sinunui bila kukigeuza.

"Mbona hasogei?" akanong'ona mwalimu.

"Ndiyo tabia yake, mwalimu. Anavizia samaki." Nikashika usukani wa baiskeli.

Mvua ikaanza. Mama mmoja akatoka kibandani, akamtungua korongo wangu kwenye kijiti kilichochomekwa jarubani, akamvaa. Lilikuwa koti lake la mvua, alilolitundika kutishia ndege wasile mbegu.

Mwalimu akamweleza tunachotafuta.

"Huyo? Mbona yuko hapo nyuma yenu, kwenye matete, tangu mlipofika."

Tukageuka. Kweli alikuwepo, anatutazama. Mwalimu akatabasamu mpaka machozi, kisha akanigeukia taratibu.

"Baiskeli mkabidhi mama, kaka. Halafu twende ukabebe mizigo."