Mianzi Yangu Ilivyokiingiza Kijiji Handakini

Jamani, hili nalisimulia nikiwa nimejifunika uso kwa kiganja, maana kuna aibu zinazokwisha na kuna zisizokwisha; hata leo, nikiwa na mvi, nikikutana na watu wa kijiji kile wanavimbisha mashavu kwanza, "Pwaa!", halafu ndipo wanasema shikamoo Mwalimu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, nami mwalimu kijana katika kijiji cha ujamaa kule bonde la Ruvuma, nyuma ya Mpapura, wakati ambao ng'ambo ya mto Mreno alikuwa bado anapigana na wenye nchi yao, kwa hiyo kijiji chetu kilikuwa na mgambo, na handaki la kujificha mabomu yakianguka. Baiskeli yangu ilikatika fremu nikitoka Chikongola na mzigo wa madaftari (magurudumu mazima, mnyororo mzima, mifupa ndiyo iliyovunjika), na duka la ushirika lilikuwa halijaona baiskeli tangu masika ya mwaka wa nyuma. Basi kwenye mkutano wa kijiji, watu wakizungumzia kujitegemea, nikasimama, wala hakuna aliyenituma, nikatangaza kwamba Sabasaba nitaongoza maandamano juu ya baiskeli ya mianzi niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Makofi yalipigwa! Hata Anjelina, nesi wa zahanati, ambaye kwa miezi minne nilikuwa namwendea na kichwa cha uongo ili anipe aspirini, alipiga makofi. Hapo nikapotea kabisa.

Fundi Anselmo, mzee wa Kimakonde aliyevuka mto kukimbia vita na kuishi kwetu kwa kusuka matenga, alinipeleka mtoni tukakata. Alinifundisha bila choyo: mwanzi wenye ungaunga mweupe bado mtoto, uache, gonga, ukilia kavu umekomaa, uanike kivulini, juani utachanika, mwisho upitishe juu ya moto, maji ya ndani yaishe, dumuzi wasiutamani, na ungali wa moto ndipo unyooshe palipopinda.

"Lakini kabla ya moto, Mwalimu, chukua nondo utoboe mafundo yote kwa ndani, mwanzo mpaka mwisho. Kila pingili ni chungu kilichozibwa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Fundi."

Nilimsikia, sikumsikiliza. Mimi mtoto wa Njombe, nimeonja ulanzi, pombe ya mianzi, kabla ya chai, nani anifundishe mianzi? (Sasa najua kwamba mianzi niliijua kwa kinywa tu.) Tena nondo ilikuwa kwa mwashi wa kijiji cha pili, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na kufika Sabasaba zilibaki siku tisa, nikasema aa, tundu la ndani ya mwanzi nani ataliona?

Jumamosi alasiri nikakoka moto nyuma ya nyumba, nikalaza mianzi sita juu ya mawe, nikakaa pembeni napiga mluzi.

Pingili ya kwanza ilipopasuka sikujua ni mwanzi, nasema kweli. Kuku wa jirani waliruka juu ya paa, majivu yakanijaa kinywani, na kabla sijasimama ikafuata ya pili, na ya tatu, ndipo nikaona kwa macho yangu mianzi inavyochanika nikaelewa, na papo hapo nikasikia ile rimu ya gari iliyotundikwa ofisini inagongwa kama imepandwa wazimu, na sauti ya kamanda wa mgambo, "Mreno! Wote handakini!"

Ningepaza sauti tu, "Ni mimi!", yangeisha. Lakini niliwaona watu wanakimbia, akina mama na watoto mgongoni, nikaona haya kuwasimamisha, nikajiambia nitaeleza baadaye, nikakimbia nao. Nikaruka handakini, na niliyemwangukia ni nani kama si Anjelina, na sanduku lake la dawa, bandeji amekwishazifungua anasubiri majeruhi.

"Mwalimu, wewe umetokea upande ule. Umeona nini?"

Handaki zima likanigeukia.

"Mizinga," nikasema. "Ya masafa mafupi." (Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya mgambo wiki moja.)

Pwaa! ikajibu huko nyuma.

"Mnasikia?" nikasema. Mimi huyu!

Kamanda na vijana wake wawili wakatambaa kwa tumbo kuufuata mlio, bunduki mbele, wakapotea nyuma ya nyumba yangu. Pwaa nyingine. Anjelina akanishika mkono, na nakiri kwamba kwa dakika ile moja niliipenda vita. Halafu tukasikia kicheko cha mzee, kicheko chenye kikohozi ndani yake.

Alikuwa Fundi Anselmo. Yeye hakukimbia, maana mtu aliyetoka kwenye mabomu ya kweli anaujua mlio wake. Alikwenda moja kwa moja motoni, akamkuta kamanda amejitupa kifudifudi kwenye shimo langu la takataka.

"Tokeni!" akaita. "Hakuna Mreno! Ni mianzi ya Mwalimu! Nilimwambia atoboe!"

Anjelina akauachia mkono wangu taratibu, akaanza kuzikunja bandeji zake, moja, mbili.

"Mizinga ya masafa mafupi," akasema, kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na handaki zima likamfuata, isipokuwa Bibi Asumini, ambaye mwaka mzima alikuwa haendi shamba la kijiji kwa sababu ya magoti, na sasa tulimkuta ndani kabisa, wa kwanza kufika. (Jumatatu alionekana na jembe, ananitazama vibaya.)

Kamanda hakucheka. Alisimama na maganda ya mihogo begani akitaka nipelekwe Mtwara nikatoe maelezo, nami nikaona ualimu wangu unakwenda hivi hivi. Mwenyekiti wa kijiji akawageukia watu.

"Handaki liliwatosha?"

"Halikutosha, Mwenyekiti! Tumekaliana!"

"Basi Ndugu Mwalimu atalipanua. Peke yake. Aanze kesho."

Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Na Sabasaba walinilazimisha kuongoza maandamano vilevile, kwa miguu, nimeshika usukani mtupu mbele yangu kama kichaa, na mgeni kutoka wilayani, asijue watu wanacheka nini, akapiga makofi kuliko wote.

Baiskeli ilikuja kuwa baiskeli miezi miwili baadaye. Nondo niliifuata mwenyewe kwa miguu, mianzi mipya nikaitoboa yote, ikakaa motoni bila hata kukohoa, tukaichomeka kwenye viungo vya chuma vya ile fremu ya zamani, tukafunga kwa katani na gundi. Anjelina alikubali kupanda nyuma baada ya kugonga kila mwanzi kwa kidole na kutega sikio. Ndiye mama wa watoto wangu, na mkasa huu yeye huusimulia vibaya kuliko mimi.

Kupasua mianzi nimejisamehe, ujinga wa kijana. Kisichonitoka ni kule kuruka handakini na kukaa na watu niliowatisha mwenyewe, nikiwaeleza habari za mizinga. Niliapa siku ile, na nimejitahidi: nikiharibu jambo, nasimama palepale nilipoliharibu, majivu kinywani, na napiga kelele kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba ni mimi.