Kilio cha Joyline

Joyline Wasike alikuwa na kipaji cha kulia. Katika maigizo ya kanisa lao hapa Nakuru, kila Pasaka yeye ndiye aliyekuwa Mariamu chini ya msalaba, na kina mama walilowesha leso. Basi profesa mmoja aliyekuwa akichunguza jinsi watu wanavyotii wakubwa alipotafuta mtu wa kulia, alielekezwa kwake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Joyline aliketi chumbani peke yake, akijifanya mwanafunzi. Ng'ambo ya ukuta aliketi mtu aliyeitikia tangazo la profesa, asiyejua lolote. Huyo alimsomea maswali, na kila Joyline alipokosea, alibonyeza kitufe ili ampige shoti ya stima. Shoti yenyewe haikuwepo. Joyline aliona taa tu ikiwaka, akalia. Mtu akisita, profesa alimwambia kwa upole, "Tafadhali endelea." Na watu, Mungu atusamehe, waliendelea. Hata mzee mmoja wa kanisa aliendelea. Joyline alirudi nyumbani sauti imekauka, na asimweleze mtu, kwa kuwa profesa alimkataza.

Siku moja swali la kwanza likasomwa, na sauti ilikuwa ya baba yake.

Mzee Wasike, mstaafu wa kiwandani, ni mpole; hata kuku huwaachia wengine wachinje. Ila alilelewa na methali moja: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Joyline alipokuwa darasa la nne alichelewa shuleni, na mwalimu mkuu akamwita mzee, akampa kiboko, akamwamuru amchape binti yake kwenye paredi ya asubuhi, shule nzima ikitazama. Mzee alichapa huku machozi yakimtoka, na hakuacha hadi alipoambiwa basi. Guu lake lilibaki zima. Joyline ndiye aliyelala kifudifudi wiki nzima.

Kwa hiyo leo alimwomba Mungu kitu kimoja, baba yake aache. Aseme hapana mara moja tu, na ile siku ya paredi ingeisha moyoni mwake. Alilia kuliko alivyowahi kulia. "Nitoeni, moyo unaniuma," akaita, kama alivyoandikiwa. Akamsikia mzee akikohoa, akisema huyu mtoto anaumia. Kisha ikaja ile sauti ya upole ya profesa, kisha taa ikawaka. Angeweza kugonga ukuta aseme, Baba, ni mimi. Lakini aliagizwa asiongeze neno, naye hakuongeza. Taa iliendelea kuwaka mpaka kitufe cha mwisho.

Jioni mzee alikula kwa raha. Alisimulia jinsi alivyoelezwa mwishoni kuwa ulikuwa mchezo na hakuna aliyeumia, akamshukuru Mungu. Halafu tonge likamkwama mkononi.

"Lakini huyo msichana alikuwa analia vile ulilia ile siku ya paredi," akasema. "Hata nilidhani ni wewe."

"Na bado ukabonyeza?"

"Profesa alisema niendelee. Yeye ndiye amesoma."

Joyline alimchukia baba yake wakati huo, na kumchukia kulimuuma. Mzee akatikisa kichwa.

"Na huyo msichana pia, kama ilikuwa mchezo, mbona hakutoka tu akaniambia?"

Joyline alimwongezea mboga ya sukuma kwenye sahani.

"Labda aliambiwa asitoke, Baba."