Paneli Zilizobaki Kathonzweni

Mume wangu alikufa akiacha duka limejaa paneli za sola mpaka mlangoni. Watu walisema ni presha. Mimi najua sehemu ya kosa ni yangu.

Mwaka huo mvua ilinyesha vizuri na ndengu zikashika shambani. Huku kwetu mtu hununua sola akishauza ndengu. Bei ya paneli ilikuwa imeshuka, nikamwambia, "Jaza duka sasa, haiwezi kushuka tena." Akajaza. Ndengu zikiwa bado mbichi, bei ya paneli ikaanguka. Viwanda vya ng'ambo vilikuwa vimetengeneza paneli nyingi kuliko paa za kuziweka, na kila mwenye lori akazileta Kathonzweni. Kufikia mavuno, barabara yetu ilikuwa na maduka matano ya sola. Jirani yetu wa mlango wa pili aliuza chini ya bei tuliyonunulia sisi, na bado akawaambia wateja kwamba zetu zimelala, hazishiki jua.

Uongo. Zilitoka kiwanda kimoja na zake.

Wiki moja baada ya mazishi jirani huyo alikuja, akakalia kiti cha marehemu bila kukaribishwa.

"Pole, mwaitu," akaniita mama kwa Kikamba chetu. " Hizi paneli nitakuondolea zote kwa nusu ya bei mliyonunulia."

"Jiondoe wewe kwanza kwenye hicho kiti."

Akacheka. "Mwezi ujao utanibembeleza. Zitakuwa bei ya mabati."

"Basi nitaezekea choo. Toka!"

Alipotoka, mama mmoja kutoka Mbumbuni aliingia akaniuliza zangu na za yule zina tofauti gani. Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia hakuna, ila za yule ni rahisi. Akaenda kununua kwa yule.

Nilishikilia miezi mitatu. Kodi ya duka iliponishinda, nilimtuma mtu amwite. Alizichukua zote kwa bei ya chini kuliko ile ya kwanza, na hakuacha kutabasamu hadi ya mwisho ilipopakiwa.

Juzi nilienda sokoni nikakuta duka kubwa limefunguliwa mkabala na lake, linauza kwa bei ya chini kuliko yake. Yeye alikuwa amesimama mlangoni peke yake, na nyuma yake paneli zimepangwa mpaka darini, zangu zikiwamo. Alinisalimu. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilisimama pale pale barabarani, nikamtazama mpaka akaingia ndani.