Chumba cha Kufulia Kilichotazama Njia

Habari za msiba zilinikuta nikiwa na povu hadi kwenye viwiko. Ilikuwa Jumapili asubuhi, maana Jumamosi kwetu hata soksi haifuliwi, ni Sabato. Simu iliita juu ya stuli nami nimechuchumaa mbele ya karai, nikaamua kwamba yeyote anayenitafuta angoje kwanza nisuuze shuka. Ikaita tena na tena, hadi nikaligeuzia karai mgongo, nikaishika kwa vidole viwili. Alikuwa binti ya jirani yangu, yule aliyeolewa Migori. "Mama ametuacha," akasema. Nikakaa kitako, na kwa kuwa sikutazama nyuma, nikakaa ndani ya karai. Marehemu angecheka hadi akohoe. Mtaa mzima tulimwita Dani, yaani nyanya, na wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka: ndiye yule aliyesema kwamba gazeti lenye safu hii hufungia omena, dagaa wetu wa ziwani, vizuri kuliko mengine yote.

Mimi, kama mnavyojua, ni mtu wa nyumbani. Mke wangu hutoka kwenda kazini, mimi hubaki nikiandika, na kwa kuwa kuandika kwangu hakujazi siku, hufua. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Shahada niliipata baadaye, katika kola za mashati. Lakini hapa Homa Bay mwanamume anayefua gauni za mkewe hafanyi hivyo hadharani. Nilikuwa nikijibanza nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na choo, mahali ambapo jua lenyewe huona haya kufika. Siku moja Dani akanichungulia juu ya ua. "Omera," akaniita, yaani ndugu yangu kwa lugha ya kwetu, "kwani umeziiba?" Nikauliza nini. "Hizo nguo. Unafua kama mtu anayefuta alama za vidole."

Dani alikuwa ameuza mitumba Migori mjini kwa miaka mingi. Magoti yalipomkatalia, akarudi kwenye boma la marehemu mumewe, jirani na kwangu, na mwanawe anayefanya kazi Mombasa akaamua kumjengea nyumba ya mawe. Mambo yalikwenda vizuri hadi walipofika kwenye chumba cha kufulia. Ramani ya kijana ilikiweka nyuma, baada ya jikoni, na kidirisha kidogo juu na nafasi ya mashine ya kufulia. Dani akasema la. Alikitaka mbele, kando ya baraza, ukuta wa kufika kiunoni tu, kitazame njia ya kwenda sokoni. Fundi akaweka mwiko chini. Mama na mwana wakanitafuta mimi kila mmoja kwa wakati wake, kwa imani kwamba mtu anayelipwa kwa maneno hawezi kukosa neno la maana. Nami nikamuunga mkono kijana.

"Dani, si vizuri," nikamwambia. "Wakwe wakija, kitu cha kwanza kuwapokea ni petikoti yako."

"Kwani wao wake zao hawavai?"

Msiicheke hoja yangu. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa hadi karibu na kuogopwa. Hata kula naye ni shughuli yenye masharti, sembuse aione nguo yako ya ndani ikipunga upepo! Dani aliyajua hayo kunishinda. Akakaa kwenye rundo la mawe ya ujenzi, akanyoosha mguu unaouma.

"Nyathina, mwanangu, magoti haya hayanifikishi soko tena. Kanisani napelekwa na pikipiki kama gunia. Kitu kimoja bado naweza kila siku ni kufua. Mkinipeleka huko nyuma, nitaongea na mashine mpaka nife. Na hiyo siku, nani atajua? Mashine itawapigia simu?"

Nikamshauri, kwa hekima yote ya kidato cha nne, kwamba angeweza tu kuketi barazani. Akanitazama kwa huruma. "Mtu akiketi, watu wanamsalimia wakipita. Akifua, wanasimama."

Jioni ile akampigia mwanawe, simu ikiwa kwenye spika ili nishuhudie. Kijana akabisha, akaomba, akachoka. "Sawa, Mama. Na mashine je?" "Weka kwako," akajibu mama yake, "nyuma."

Nyumba ikaisha, na aibu niliyoitabiri ikafika kwa miguu. Wakwe wa binti yake waliondoka Migori kabla ya muda tulioambiwa, wakatua wakati kamba ya kuanikia imejaa, maana mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa na ndiyo kwanza jua litoke. Dani hawezi kukimbia. Mimi naweza, lakini mwanamume gani atawakimbilia wageni akiwa amekumbatia petikoti za kikongwe? "Geuza viti!" akaninong'oneza. Nikavigeuza vyote. Wale wazee wa heshima wakala kuku na samaki wakitazama ukuta, kamba ikiwa nyuma yao. Walikuwa wameona wakiingia, bila shaka, lakini kuona na kukiri kwamba umeona ni mambo mawili. Mkubwa wao akasafisha koo. "Mama, una ukuta imara sana." Dani hakupepesa jicho. "Asante, ndiyo maana nimewaketisha hapo." Walipoaga walitembea hadi langoni wameinamisha vichwa, kama watu waliopoteza sindano.

Msidhani Dani alikuwa anaililia zamani. Niliwahi kumsifia siku za utotoni mwake Kendu Bay, wanawake wakifua pamoja ufukweni wakipiga soga, akanikata kauli. "Ziwa lilinipa kichocho na mgongo mbovu. Lazima nipewe ugonjwa ndio nipewe na umbea?" Alitaka mfereji wa bomba nyumbani, na alitaka watu kwenye mfereji. Sisi tumechukua mfereji tukawaacha watu. Nendeni Rusinga, nendeni hata Osiri kwa wachimba dhahabu: mtu akipata kitu kidogo, atajenga sebule mbele, ajaze makochi yaliyovishwa vitambaa, kisha asiikalie hadi mgeni aje. Yale anayoyafanya kila siku ya Mungu huyaficha nyuma. Halafu tunashangaa kwa nini hatujuani.

Asubuhi moja mwezi huu chumba cha Dani kilikuwa kitupu. Mama anayepita na omena akasimama kama kawaida yake, akaona beseni ni kavu, akaja kuniuliza. Nikamuuliza muuza maziwa. Kabla ya chai tulikuwa tumefungua mlango. Alikuwa sakafuni kando ya kitanda, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, lakini ulimi ungali wake. "Mmechelewa," akatuambia. Tukamkimbiza hospitali. Alikaa siku chache huko, zikatosha binti kufika kutoka Migori na kijana kutoka Mombasa, zikatosha kumlisha uji na kukaripiwa kwamba hauna sukari. Jioni baada ya mazishi nilimkuta kijana amesimama peke yake ndani ya kile chumba, mkono juu ya ule ukuta mfupi. "Kama ningeshinda ule ubishi," akasema, "ningezika mtu ambaye sikumuaga."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami nimejifunza kwamba mficha nguo huvaa mbichi. Wewe unayejenga, muulize fundi maswali yote unayotaka kuhusu paa na vigae, lakini kile unachokifanya kila siku kiweke mahali ambapo watu watakuona ukikifanya, na watajua siku hukukifanya.

Mimi nimehamishia karai langu mbele ya nyumba. Siku ya kwanza vijana wa bodaboda walinipigia honi kama bwana harusi, na mke wangu aliporudi akauliza kama nimeugua. Juzi nikalala kupita kiasi. Nilipotoka na karai, jua tayari likichoma, mama wa omena alikuwa amesimama langoni pangu, ametua beseni lake chini.

"Omera," akasema, "tulikuwa tumeanza kuulizana."